Nimekuwa nikiwalipia wenzangu ahadi za kanisa kisirisiri, sasa mchungaji anazihubiri

Dada Mshauri, mulembe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani katika soko moja kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. Kanisani kwetu mimi ndimi mweka hazina, mwaka wa nne sasa. Nakuandikia usiku huu kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayesema na mwenzake. Mume wangu amenyamaza tangu Jumanne.

Kila Novemba tuna Jumapili ya Uwakili. Kila familia hupewa kadi, ikaandika kiasi itakachotoa mwaka unaofuata, halafu kadi zote hupelekwa mbele zikaombewa. Mwaka jana ahadi zilifika Sh2,300,000 kwa sababu tuna jengo jipya linalongoja mabati. Kila mwenye kadi ana bahasha yenye nambari yake, na anayetuma kwa simu huandika nambari hiyo penye akaunti ya paybill. Kufikia mwisho wa Septemba tulikuwa tumepokea Sh1,310,000.

Mwezi wa Machi wazee wa kanisa waliamua kwamba kila mwisho wa mwezi majina ya waliobaki nyuma yasomwe, kisha yawekwe kwenye kikundi cha WhatsApp. Wanaiita orodha ya madeni, na mwenye kuiandika ni mimi. Siku ya kwanza kusomwa, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, bahasha 087, aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikamwanguka. Aliahidi Sh12,000 wakati mwanawe alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha sukari. Mwanawe huyo yuko nyumbani tangu Januari. Jumapili iliyofuata bibi hakuja. Nilipomtembelea aliniambia miguu inamuuma. Ni miguu iyo hiyo iliyomfikisha sokoni Jumamosi, nilimwona kwa macho yangu.

Basi Aprili nikamlipia Sh1,000. Mwezi wa pili yake nikamwongeza mzee mjane wa bahasha 112, ambaye ukuta wa jikoni kwake umeinama karibu uanguke na bado anaulizwa habari za mabati ya kanisa. Kufikia Oktoba nilikuwa nawalipia watu watano. Jumla ni Sh14,700. Risiti niliziandika kwa majina yao, nikawapelekea, nikawaambia tu kwamba kuna mtu amewakumbuka. Ahadi yangu mwenyewe imebaki nyuma Sh6,000.

Sasa mambo yameniharibikia pande mbili. Septemba, bibi wa 087 alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemlipia deni ambalo hakujua lingelipwa na nini. Kanisa zima vigelegele. Mchungaji aliuchukua ushuhuda huo na amehubiri nao Jumapili tatu: ahidi kwa imani, pita uwezo wako, Mungu mwenyewe atalipa. Bibi ameniambia kadi yake mpya ataandika Sh24,000.

Upande wa pili ni nyumbani. Mume wangu ni fundi wa mawe na kazi za ujenzi zimekuwa haba. Alikuwa akitafuta kwenye simu yangu ujumbe wa karo ya kijana wetu wa Gredi ya 10, akakuta malipo yamejipanga: akaunti 087, akaunti 112, akaunti 112 tena. Aliniuliza mara moja tu, "112 ni nani?" Niliposita kujibu, akatoka nje.

Nisisahau: aliyeahidi kiasi kikubwa kuliko wote ni mtu anayetafuta kiti 2027. Aliandika Sh300,000, ametoa Sh20,000. Jina lake halijawahi kusomwa hata siku moja. Nilipouliza, niliambiwa "yule anashughulikia".

Mchungaji anataka orodha ya mwaka mzima isomwe Jumapili ya pili ya Novemba, kabla ya kadi mpya kugawanywa. Nikisema ukweli nitamwaibisha bibi. Nikinyamaza, ataenda kujifunga na Sh24,000. Na je, kusaidia kumekuwa dhambi?

Mweka hazina, Kakamega

* * *

Mulembe nawe, dada yangu.

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa maana ndilo lililonishtua nilipoisoma barua yako. Chukua kwamba wewe ni mkaguzi wa hesabu. Hujui mtu yeyote hapo kanisani. Unafungua taarifa ya paybill na unakuta simu moja, ya mweka hazina mwenyewe, imelipia bahasha tano za watu wengine, vipande vidogovidogo, miezi saba mfululizo. Unafungua kitabu cha risiti na unakuta risiti hizo zina majina ya watu ambao hawakutuma hata shilingi. Utawaza huruma? Huwezi. Utawaza kwamba watu hao watano walimpa mweka hazina pesa mkononi, akazila, na sasa anazirudisha polepole kabla hajashikwa.

Nilishika kitabu cha kanisa miaka sita huko Nakuru. Wizi wa namna hiyo niliushuhudia ukifanywa na mtu niliyempenda, na alama alizoacha kwenye karatasi zilikuwa hizi hizi zako. Tofauti kati yenu iko moyoni, na huko mkaguzi hafiki.

Kwa hiyo, umeuliza kama kusaidia ni dhambi. Kusaidia si dhambi. Risiti ndiyo shida. Uliandika "nimepokea kutoka kwa fulani" na hukupokea kutoka kwake. Ungeandika "imelipwa na rafiki kwa niaba ya bahasha 087", barua hii usingekuwa na sababu ya kuniandikia, isipokuwa labda ile sehemu ya mumeo.

Rekebisha wiki hii, usingoje Novemba. Chukua taarifa ya M-Pesa yako kuanzia Aprili, tia alama kila malipo uliyofanya kwa ajili ya wengine, andika kando nambari ya bahasha na maneno "nimelipa mimi". Mpelekee mwenyekiti wa kamati ya fedha akiwa pamoja na mweka hazina msaidizi. Wote wawili, kwa wakati mmoja. Usimnong'onezee mmoja. Kitabuni usifute wala usichane kitu. Andika mstari mpya wa masahihisho wenye tarehe ya leo, nao watie sahihi. Hata Paulo, alipokuwa akipeleka mchango kwa watakatifu, hakuubeba peke yake. Alitembea na watu waliochaguliwa na makanisa ili mtu asipate la kumlaumu, na alisema wazi kwamba anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Iko katika 2 Wakorintho 8. Na hizo Sh14,700 usiziombe zirudi. Ulizitoa, zimeshaingia kazini.

Ukimaliza hapo, nenda kwa mchungaji. Mimi simwoni kuwa mtu mbaya katika habari hii, nakuambia kweli. Alisikia ushuhuda, akaamini, akahubiri. Ushuhuda wenyewe si uongo. Bibi alisema alichokiona. Kilichokosewa ni hitimisho, na anayejua kwamba limekosewa ni wewe peke yako, kwa hiyo huna haki ya kumkasirikia bado. Mwambie hivi, bila kuzunguka: "Pasta, deni la bibi nililipa mimi, na la wengine wanne. Niliona aibu yao. Sasa bibi anataka kuandika mara mbili, na mimi siwezi kulipa tena." Nyamaza hapo. Mwache akae na neno hilo. Akitaka kurekebisha mahubiri yake, atajua namna ya kufanya bila kutaja bahasha ya mtu.

Huenda akakujibu kwa Mhubiri 5, pale panaposema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Wengi husomea hapo wakafunga kitabu. Mwombe, kwa heshima, mfungue pamoja Mambo ya Walawi 27, mstari wa 8. Sura hiyo yote ni ya nadhiri, inaweka viwango vya fedha kwa mwanamume, mwanamke, mtoto, mzee. Halafu inafika kwa maskini aliyeweka nadhiri na kiwango kimemshinda, na haisemi jina lake lisomwe. Inasema apelekwe mbele ya kuhani, naye kuhani amhesabie upya kulingana na uwezo wake. Yaani sheria yenyewe ya nadhiri ilikuwa na mlango wa kurekebisha, na ufunguo alipewa kuhani. Kanisa lenu limeshika nadhiri likauacha mlango nje.

Na neno hilo "deni" nalo liangalieni. Deni lina aliyekopesha. Bibi alimkopa nani? Aliandika alichotarajia, na matarajio yake yalikuwa mshahara wa mwanawe.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa ndipo nilipochukua kalamu. Ahadi Sh2,300,000, miezi tisa imepita. Kama kila mtu angelipa sawasawa kila mwezi, mwisho wa Septemba mngekuwa na Sh1,725,000. Mnazo Sh1,310,000. Pengo ni Sh415,000. Yule bwana wa 2027 peke yake, kwa kipimo hicho hicho, alipaswa kuwa ametoa Sh225,000. Ametoa Sh20,000. Sh205,000 za pengo hilo, karibu nusu yake, ziko mfukoni mwa mtu mmoja ambaye jina lake halisomwi, huku bibi wa Sh12,000 akikimbia kanisa kwa kuinamishwa kichwa. Andika hesabu hii kwenye karatasi moja, bila jina lolote, uiweke mezani kwa wazee. Wakiuliza ni nani, waambie kitabu kiko wazi kwao.

Nyinyi mko jirani na Butere. Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu pale, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa kipaza sauti. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa moja la Kikatoliki zirudishwe. Sisemi mrudishe zile Sh20,000. Nasema kama maaskofu waliweza kumkatalia Rais, wazee wenu wanaweza kuiondoa ahadi ya mwaniaji kwenye bajeti ya mabati. Ahadi ya msimu wa kampeni haiezeki nyumba. Sisi huko Nakuru tuliwahi kuita fundi kwa nguvu ya kadi. Tulibaki na deni la duka la vifaa vya ujenzi, na hilo lilikuwa deni kweli, lenye mwenyewe anayepiga simu alfajiri. Baada ya hapo tulipanga bajeti kwa kuangalia fedha zilizoingia kweli mwaka uliotangulia. Kadi ziliposoma zaidi, tulishukuru na kungoja.

Kusoma majina, na hasa kuyabandika WhatsApp, kukomeshwe. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo inahesabu imani ya mtu na habari za mali yake kuwa data nyeti. Orodha yenu ina vyote viwili, na inazunguka kwenye simu ambazo hamjui zinashikwa na nani. Sikutumi kortini, dada. Ila kuna wazee ambao hawasikii Walawi lakini wakitajiwa sheria ya nchi hukaa wima. Na wakikuambia kwamba bila majina hakuna uwazi, wajibu kwamba uwazi unahusu fedha za kanisa. Makanisa mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, nayo inataka vitabu vya hesabu viwekwe, wanachama waruhusiwe kuvikagua, na mkutano mkuu uitishwe angalau mara moja kwa mwaka. Someni jumla iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na bei ya mabati. Mtu na ahadi yake apewe karatasi yake mwenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa, kila miezi mitatu. Sisi tuliweka chini ya karatasi hiyo mstari mmoja: "Ukitaka kubadilisha ahadi yako, andika hapa." Mwaka wa kwanza wengi walishusha, na mwenyekiti wetu karibu augue kwa hofu. Lakini waliokuwa wamejificha walirudi kukaa viti vya mbele.

Kadi yenyewe pia ina kasoro, ingawa najua huwezi kubadilisha yote mwaka mmoja. Imetengenezwa kana kwamba kila mtu hupokea mshahara tarehe thelathini. Huko kwenu wangapi hupokea? Mahindi yana msimu wake. Miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka, kisha malipo yakaja siku kiwanda kitakapopenda. Wewe mwenyewe cherehani yako inashiba Januari, sare za shule zinaposhonwa, kisha inafunga saumu. Desemba watu wanarudi kutoka Nairobi na pesa zinaonekana. Mwacheni mtu aandike "nikivuna", aandike "gorogoro tano", aandike "kuku wawili". Mnada wa baada ya ibada mnao, nina hakika. Sijawahi kuona kanisa la Kakamega ambalo jogoo hajauzwa mara tatu na kurudishwa madhabahuni.

Hapo ndipo penye njia ya bibi. Mtembelee kabla ya Jumapili ya Uwakili, uende peke yako, na ubebe sukari. Usimwambie mbele ya mwanawe. Mwambie kwamba zile fedha zilitoka kwako, na kwamba ulificha kwa kuogopa kumvunjia heshima. Huenda atalia, huenda atakugombeza. Wazee hawapendi kulipiwa bila kuulizwa, na katika hilo atakuwa na haki. Muulize mwaka huu ana nini. Akisema kuku, mwandikie kuku. Kama bado anashikilia Sh24,000, mwambie wazi kwamba mkono uliolipa ni huu, nao umekauka. Wale wengine wanne wastahili kuambiwa vilevile, ila hao wanaweza kungoja juma moja.

Na wanaohitaji kusaidiwa wapo, hilo uliliona sawa kabisa. Pendekezeni mfuko wa huruma unaokatwa kwenye sadaka ya kila mwezi, usimamiwe na watu watatu, wewe usiwe mmoja wao. Mwenye kuandika kitabu asiwe ndiye anayegawa.

La mume wako nimeliacha nyuma kwenye barua, lakini wewe litangulize, leo hii usiku kama bado yuko macho. Hakuuliza juu ya pesa tu. Aliona nambari inayojirudia, mkewe akasita, na kichwa cha mwanamume hujaza pengo la namna hiyo kwa haraka. Mpe simu mkononi, fungua malipo yote, mpe na orodha ya bahasha tano. Usianze na "nilikuwa nafanya kazi ya Mungu". Anza na karo. Sh14,700 zilitoka katika nyumba ambayo kijana wa Gredi ya 10 anangojewa na bwana fedha wa shule, na baba yake hakuulizwa. Hilo mwombe msamaha bila kuweka "lakini" mbele yake. Kisha shusha ahadi yako mwenyewe: hizo Sh6,000 zilizobaki, kaeni wawili muamue ni ngapi zinawezekana, uandike barua kwa kamati kama muumini mwingine yeyote. Utakuwa wa kwanza kupita kwenye ule mlango wa Walawi, na wazee wataona kwamba paa halijaanguka.

Akikuuliza tena 112 ni nani, usimweleze. Mpeleke Jumamosi kwa mzee. Ni fundi wa mawe. Akishauona ule ukuta wa jikoni, maneno mengine atayasema yeye.